Kumbukumbu Mbili Hazielewani

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi kali. Nimevaa sweta mbili. Lakini moyoni jua linawaka!

Leo mstarini Mkuu wa Shule, Mwalimu Sekela, ametukumbusha kwamba shule yetu itakuwa na banda kwenye maonesho ya Nane Nane kule Mbeya. Mwanafunzi mmoja atasimama mbele ya watu na kueleza mradi wetu wa kuku kwa kutumia kompyuta. Mmoja! Hakutaja jina. Hakuhitaji. Kikao cha walimu kilishapitisha tangu Mei kwamba ni mimi, Ikupa Mwakajila, Kidato cha Tatu, kiranja wa chumba cha kompyuta. Chumba kina kompyuta moja, lakini kiranja ni kiranja.

Mama ameshaomba ruhusa kazini. Yuko kwenye kinu cha kukoboa mpunga Ubaruku, na mimi naishi kwa Shangazi hapa Kihesa, Iringa, ili nisome. Sijamwona tangu Januari. Atapanda gari hadi Mbeya aje anione nimeshika fimbo, naelekeza picha ya kuku. Ameshachagua na kitenge.

Tatizo ni kompyuta yenyewe. Nimeweka picha sitini na nne za kuku, na kila moja inafunguka polepole, kichwa kwanza, miguu baadaye sana.

Tatizo lingine ni Nusrat wa darasa letu. Amesema mbele ya watu kwamba tukiisubiri picha ya kwanza ifunguke, yai litaanguliwa. Watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo, kwa adabu.

Jumanne, 15 Julai

Mpango umekamilika! Nimemshawishi Mwalimu Liberatus, anayesimamia kompyuta na kuku, tuiongezee mashine nguvu. Kinachohitajika ni ramu, kile kipande chembamba cha kijani kinachochomekwa ndani. Ramu ikiwa nyingi, kazi inakwenda haraka. Hilo nililisoma mwenyewe.

Mwalimu amenituma kwa fundi Muharami kule mjini na trei la mayai. Muharami ni baba yake mdogo Nusrat, lakini hilo si kosa lake. Alikuwa na moshi wa kuchomelea puani na simu begani, hivyo hakusema neno. Alisoma kikaratasi cha Mwalimu, akapokea mayai, akanipa ramu ndani ya gazeti.

Mwalimu alisema tusubiri Ijumaa aje kunisimamia. Mimi ni nani hata nimsumbue mtu mzima? Niliifungua wakati wa mapumziko. Ramu ya zamani niliiacha mahali pake, ile mpya nikaichomeka pembeni. Ikaingia kwa mlio mtamu, ta! Picha ya kuku wa kwanza ikafunguka mzima mzima, na miguu yake. Nusrat alikuwa mlangoni. Ameona yote. Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu!

Jumatano, 16 Julai

Kompyuta imeganda.

Ilifika kuku wa kumi na tisa ikasimama. Kipanya hakisogei. Kisha skrini ikawa ya buluu yote, ikazima, ikajiwasha yenyewe. Mara tatu! Mwalimu Liberatus alichungulia, akasema tu kwamba imeganda hiyo, akakimbilia kipindi cha Kidato cha Nne.

Nimefikiri kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa. Asubuhi hii mafuta ya kula ya Shangazi yalikuwa yameganda kwenye chupa, tukayaweka karibu na jiko, yakayeyuka. Kompyuta nayo imeganda asubuhi hiyohiyo. Baridi ni ileile ya Kihesa. Kilichoganda huyeyushwa kwa joto: Fizikia, Kidato cha Kwanza. Sijui kwa nini watu huwalipa mafundi.

Kesho naja na blanketi.

Alhamisi, 17 Julai

Sitaki kuandika mengi.

Nilikuja na blanketi la maua la Shangazi, lile la wageni. Nikaifunika kompyuta vizuri, nikabakiza uso tu. Haikutosha. Nikaenda kwenye banda la vifaranga nikaazima jiko lao la mkaa. Saa moja tu! Nikaliweka chini ya meza, mlango nikaufunga joto lisitoke.

Kuku wa nne, ikazima. Kuku wa pili, ikazima. Kisha harufu ya plastiki. Kisha Mwalimu Liberatus.

Aliuliza mambo mawili: kwanza, nimekusudia kuichoma au kuiatamia, pili, vifaranga wake wanaota moto gani. Nilikimbilia bandani nikakuta wamejibana kwenye kona wote ishirini na tano kama mpira mmoja wa manyoya. Wazima, asante Mungu. Nimewaomba radhi kwa sauti.

Nusrat naye akapita na kuuliza kama mgonjwa ameshakunywa uji. Tena akauliza mtoto ni wa kike au wa kiume, ili waandae jina.

Mwalimu amesema kuganda kwa kompyuta hakuhusiani na baridi. Ni namna ya kusema. Basi waseme namna nyingine! Hata hivyo hajanivua ukiranja. Amesema nimpigie Muharami nimweleze dalili zote, na nifuate atakachosema, hichohicho, bila nyongeza.

Blanketi la Shangazi lina tundu dogo. Nimelikunja tundu likawa ndani.

Ijumaa, 18 Julai

Nilimpigia fundi jana kwa simu ya Shangazi. Nikaeleza yote: inaganda, inakuwa ya buluu, inajiwasha. Alisema yuko msibani, atajibu kwa ujumbe. Leo asubuhi umefika. Naunakili hapa neno kwa neno:

"Kumbukumbu mbili hazielewani. Ondoa ile ya zamani ubaki na mpya. Zima kwanza."

Nikasema, huyu ni fundi kweli! Kajuaje? Maana katika kompyuta ya shule zimo kumbukumbu mbili, si zaidi wala pungufu: kumbukumbu za kikao cha walimu cha Mei na kumbukumbu za kikao cha Juni. Mwalimu Liberatus ndiye katibu, huziandika humo.

Nikazifungua kuhakikisha, ukurasa wa kwanza tu, kwa sababu si adabu mwanafunzi kusoma mambo ya walimu. Mei: kuku wa mradi ni arobaini. Juni: kuku wa mradi ni thelathini na mmoja. Hazielewani kabisa! Ndiyo maana mashine inachanganyikiwa. Hata mimi ningeganda.

Sehemu ya kuzima sikuielewa. Nitafutaje kitu katika kompyuta iliyozimwa? Nikaizima, nikaiwasha, kisha nikaifuta ile ya Mei. Nikamwaga na pipa la takataka la humo ndani, maana nimelelewa kumaliza kazi.

Imezima mara mbili tu baadaye. Naona inazoea.

Jumatatu, 21 Julai

Maangamizi.

Leo walimu wamekaa kikao cha Nane Nane. Mimi niliitwa kuwasha kompyuta ili zisomwe kumbukumbu zilizopita. Zikafunguka za Juni. Mwalimu Sekela akasoma kwa sauti: uamuzi kuhusu mwanafunzi atakayekwenda Mbeya ubaki kama ulivyo katika kumbukumbu za Mei.

Akaomba za Mei.

Mwalimu Liberatus akatafuta. Akatafuta tena. Nakala ya karatasi haipo, kwa sababu wino wa kuchapia uliisha tangu Aprili. Nikanyoosha kidole nikasema ni mimi, nimezifuta kwa ushauri wa kitaalamu.

Kisha kila mwalimu akaanza kukumbuka lake. Liberatus alikumbuka ni mimi. Mwalimu wa Jiografia alikumbuka ni Nusrat. Mwalimu wa Kiingereza alikumbuka kwamba siku hiyo kulikuwa na vitumbua. Mwalimu Sekela akaniuliza mimi niliyezifuta nakumbuka nini. Nikasema kweli: kuku arobaini.

Ndivyo ilivyoandikwa upya. Kumbukumbu za Mei sasa zina mstari mmoja, na mstari wenyewe ni kuku.

Mwalimu Sekela akasema bila kumbukumbu hakuna uamuzi. Watachagua upya kesho.

Nilifuta jina langu kwa mkono wangu mwenyewe! Bila shaka lilikuwa ukurasa wa pili. Adabu imeniponza.

Jumanne, 22 Julai

Nusrat.

Kura tisa kwa mbili. Mwalimu Sekela alinieleza kwa upole kwamba Nusrat hana historia ya mablanketi.

Nusrat amenifuata akasema pole. Nilimjibu asante kwa sauti ya Kiswahili sanifu kabisa, ile ya taarifa ya habari, ili ajue nimeumia.

Shangazi amesema nimwambie Mama mapema asije akapoteza ruhusa yake bure. Nimeshika simu mara tatu. Mara ya tatu Mama akapokea. Kabla sijafungua mdomo akanieleza kwamba wenzake wote kinuni wanajua, na bosi amempa kilo tano za mchele atakaokuja nao, aniletee mwenyewe. Nikasema ndiyo Mama. Nikamuuliza hali ya hewa ya Ubaruku. Ni joto.

Alhamisi, 24 Julai

Jambo la ajabu!

Nusrat alikuwa akifanya mazoezi, mimi nimekaa nyuma kama kiranja. Kompyuta ikamzimikia katikati ya magonjwa ya kuku. Akaanza upya. Ikamzimikia tena kwenye mdondo. Mara ya nne akapigapiga meza, akasema kule Mbeya watu watadhani ugonjwa huo unaambukiza mashine.

Sasa, mimi nina daftari. Tangu Jumatano ile nimeandika kila ilipozima, saa na dakika. Nikamwambia kwa utulivu kwamba asipoteze nguvu: ukiacha ile siku ya blanketi, huzima dakika ya kumi na moja baada ya kuwashwa. Haizidi wala haipungui. Ukiizima mwenyewe dakika ya kumi, ukaipumzisha kidogo, ukaiwasha, hufika hadi kuku wa mwisho bila aibu. Watu nao wanaweza kuimbiwa wimbo wakati wanasubiri.

Nusrat alilisoma daftari langu. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Sekela, na mimi nikamfuata kwa mbali nikisikiliza. Akasema, shikamoo Mwalimu, bila Ikupa mimi siendi, kwa sababu mashine hii ina tabia na anayeijua tabia yake ni mtu mmoja.

Nakwenda Mbeya! Cheo: mwangalizi wa mashine. Nitakaa kwenye kigoda nyuma ya meza na saa mkononi. Mama ataniona kuanzia shingo. Inatosha sana.

Jumamosi, 26 Julai

Nimekwenda kwa fundi Muharami kumpa taarifa, maana nimefundishwa kurudisha majibu. Nikamwambia kumbukumbu ya zamani niliifuta kama alivyoagiza, lakini mashine bado inazima.

Akauliza, niliifuta na nini.

Nikamweleza. Alianza kucheka akiwa amesimama, akamalizia amekaa juu ya boksi. Akasema, binti, kumbukumbu ni hiyo uliyochomeka! Kipande cha kijani! Kila kumbukumbu ina kasi yake, ya zamani na mpya zikigombana mashine inazima. Ilikuwa nichomoe ya zamani. Sekunde kumi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema ramu kama watu wote. Akakunja uso. Akasema ramu ni jina la pombe ya miwa, na yeye ni mtoto wa madrasa, jina la pombe halitamkwi dukani kwake, achilia mbali kuandikwa. Nikaona ana haki yake. Lakini imeniharibia.

Nimerudi nikitembea taratibu. Dawa ninayo. Sekunde kumi. Lakini mashine ikipona, mwangalizi wa nini? Atakwenda Nusrat peke yake, na Mama atafika na kilo tano za mchele kumtazama mtoto wa watu.

Nimeamua. Sitasema uongo. Nitanyamaza tu. Kama nitaulizwa nitajibu. Nimeomba nisiulizwe.

Alhamisi, 7 Agosti. Mbeya!

Tulifika jana jioni kwa pikapu ya mradi: Mwalimu Liberatus na dereva, mimi na Nusrat, na nyuma kuku sita na kompyuta. Mafinga kulikuwa na harufu ya mbao mbichi. Makambako upepo ulichukua kofia ya dereva, nayo haikurudi.

Leo ni siku yetu ya kwanza bandani. Nimekaa kwenye kigoda. Dakika ya tisa nikamwonesha Nusrat vidole viwili. Dakika ya kumi nikasimama tayari kuizima, Nusrat akanikonyeza nisubiri. Dakika ya kumi na moja.

Haikuzima.

Ya kumi na mbili. Ya ishirini. Saa nzima! Kuku sitini na nne wamepita mara tano kama gwaride. Mwalimu Liberatus amesema hewa ya Mbeya imeipenda. Akanishukuru kwa uangalizi, kisha akaniomba, kwa kuwa sina kazi, niwabadilishie kuku maji.

Kesho Mama anakuja.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama amefika saa nne. Nilimwona kabla hajaniona, kitenge cha kijani, mfuko wa mchele kichwani, anauliza kila banda. Nilikuwa na ndoo ya maji ya kuku. Nikaiacha hapohapo. Ni mfupi kuliko Januari, au mimi ndiye niliyerefuka.

Akauliza kazi yangu ni ipi. Nikasema nasubiri mashine izime.

Mama akasema basi tusubiri wote. Akaketi kando yangu kwenye kreti, mchele magotini, akaikazia macho ile mashine. Robo saa. Nusu saa. Nilimwona midomo ikichezacheza. Nikauliza, Mama, unasali? Akasema, naomba izime mwanangu, hata kidogo.

Hapo ndipo Nusrat aliposimama katikati ya sentensi. Akashika koo. Akawaambia watu samahani, vumbi limemkaba sauti, anayeendelea ni mwenzake ambaye ndiye aliyezipanga picha zote. Akanipa fimbo.

Sikumbuki kuku wa kwanza hadi wa kumi. Kuanzia wa kumi na moja nakumbuka kila kitu. Nilieleza chanjo, nikaeleza mdondo, nikaeleza kwa nini vifaranga wasiondolewe jiko lao hata kwa saa moja. Mzee mmoja wa Uyole aliuliza maswali matatu na nikajibu yote. Mama alipiga makofi kila picha ilipobadilika. Zote sitini na nne! Mwisho akasema ndaga fijo mwanangu, asante sana, mbele ya watu wote, kama vile nilikuwa nimempa kitu.

Baadaye nilimfuata Nusrat kwenye bomba. Sauti yake ilikuwa nzima kabisa. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nilijua dawa tangu ile Jumamosi na nikanyamaza. Akasema anajua. Baba Mdogo aliwahadithia wakati wa chakula cha jioni, akacheka hadi akapaliwa na ndizi. Siku ya kupakia Nusrat mwenyewe ndiye aliyechomoa ile kumbukumbu ya zamani. Nikamuuliza kwa nini hakusema, maana asingenihitaji tena. Akasema, we Ikupa, habari ya mama yako kuja umetueleza mara nyingi kuliko hao kuku wanavyotaga. Nani angekuacha Iringa?

Nimetafakari jambo hili kwa kina. Aligusa mashine bila idhini ya kiranja.

Nimemsamehe.

Kabla Mama hajapanda gari amelalamika kwamba simu yake ya kupangusa imekuwa nzito siku hizi, akiita namba inafikiri kwanza. Maskini, na mimi nipo! Nikamwambia aniachie dakika tano. Nusrat akasema tumwulize Mwalimu kwanza. Hana imani huyu. Nilifuta vitu vichache tu ambavyo sikuvielewa, nikarekebisha vingine viwili kwa kukisia. Sasa inapanguswa kama siagi.

Jumapili, 10 Agosti. Kihesa

Mama amepiga kwa simu ya jirani yake.

Amesema yake ina kasi ya ajabu. Ila kila inapofunguka pameandikwa Kichina, na inamsalimia kwa sauti ya mwanamke. Wenzake kinuni wanakuja kusikiliza. Kuna fundi hapo sokoni amesema atairudishia Kiswahili kwa dakika moja, tena bure, kwa sababu ni Nane Nane bado.

Nimemkataza kabisa! Huyo fundi ataiharibu. Nimemwambia Kichina ni hatua tu, simu inapita. Tukalishughulikia hapohapo kwa sauti: aende mstari wa nne kutoka juu, wenye alama kama kibanda, abonyeze. Akabonyeza. Kikatokea kitu chekundu. Nikamwambia chekundu ndicho chenyewe, abonyeze na hicho.

Amesema imezima.

Safi! Hapo ndipo kazi inapoanzia.